Wavu wa Tatu

Jumatatu, 7 Oktoba 2002

Mvua imeanza kweli. Buyenzi nzima ni matope, na baba, fundi wa friji, amepandisha friji za wateja juu ya matofali kama kila mwaka. Nimevaa sandali za mama mpaka chuoni, nikafika na miguu ya mutu anayetoka kulima.

Profesa Astère ametuita ofisini, mi na Rénovat. Tuko maasistenti wake wawili tuliobaki. Wengine wamekwenda Kanada, wengine Rwanda, wengine hatuulizi wako wapi. Amefunga mlango, akasema ana rafiki Ubelgiji waliyesoma naye zamani. Rafiki ana maabara, wanachunguza maji yanavyopita ndani ya bomba lililojikunja, yale mabomba ya viwanda vya maziwa yanayozunguka kama waya wa simu. Ana nafasi moja ya mwaka mzima, chumba kipo, chakula kipo. Anataka tu kuona kama mutu wa Bujumbura anaweza kupiga hesabu hiyo kwa kompyuta. Akiona kazi anatia saini karatasi, na karatasi ndiyo inaleta viza.

Nafasi ni ya Rénovat. Hakuna aliyesema, na hakuna aliyebisha. Rénovat anakaa Kanyosha na mama yake, Mama Mathilde, chini kabisa ya vilima. Usiku waasi wanashuka kuchukua vijana wa kuwabebea mizigo. Asubuhi wanajeshi wanakuja kuuliza ni nani aliyewabebea. Kaka yake Sébastien alichukuliwa mwezi wa sita na mpaka leo hajarudi. Kijana hawezi kukaa pale akategemea kuzeeka. Kazi yangu ni kumsaidia aondoke, na nilikubali kabla Profesa hajamaliza kusema.

Alhamisi, 10 Oktoba

Baba ameniuliza tunafanya nini siku nzima mbele ya kompyuta. Nikamweleza. Kompyuta haijui maji ni nini. Inabidi nafasi ya ndani ya bomba tuikate vyumba vidogo vidogo, halafu kompyuta inahesabu, chumba kwa chumba, maji kiasi gani yameingia, kiasi gani yametoka, na yamekwenda kwa nguvu gani. Vyumba vyote pamoja Profesa anaita maillage, mi naita wavu. Bomba likiwa limenyooka, ni kazi ya mutoto. Likijikunja, maji yanatupwa kwenye ukuta wa nje, yanarudi kwa pembeni, yanafanya mizunguko miwili inayokwenda pamoja mpaka mwisho wa bomba. Vyumba vikiwa vikubwa mizunguko haionekani vizuri, na hesabu inadanganya.

Baba alisikiliza vizuri sana. Kisha akasema, “Na hayo maji yako wapi?”

“Hakuna maji, baba.”

“Basi bomba?”

“Bomba pia hakuna.”

“Na mushahara?”

Nilicheka mpaka mama akatoka jikoni kuona kuna nini.

Jumanne, 15 Oktoba

Umeme hakuna. Tumekaa tunatazamana.

Ijumaa, 18 Oktoba

Umeme umerudi saa nne, tukakimbilia mashine kama watu waliofunguliwa mfereji. Tunaandika programu yetu wenyewe, maana ile ya kununua hatuna na hatutakuwa nayo. Wavu wetu wa kwanza umekataa. Tulikata duara la bomba kama mkate wa duara unavyokatwa, na katikati vile vipande vinakuwa vyembamba kama sindano. Kompyuta ikatuandikia “volume négatif”, yaani kuna vyumba vimejipindua, ndani imekuwa nje.

Nimesema tuweke mraba katikati ya duara na pete kuzunguka, basi sindano hazitakuwepo. Rénovat alinitazama, akasema, “We Sijaona, mama yako alikula nini?” Huo kwake ndio mwisho wa kusifu.

Kitu kimoja kinanichosha kwake. Kila anachoandika anakiandika kwanza kwa penseli, kisha anakinakili upya kwa kalamu, kwa mwandiko wa sista, ndipo anagusa kompyuta. Alisoma seminari ndogo. Anasema kulikuwa na padri, ukimpelekea brouillon, yaani kazi ya penseli isiyonakiliwa, anaichana mbele ya darasa, hata kama majibu yote yako sawa. “Mpaka leo,” anasema, “nikiona karatasi chafu mikono yangu inauma.” Profesa Astère naye ni zao la mapadri walewale. Mi nimesoma madrasa ya Buyenzi, nilichapwa kwa mengine.

Jumatano, 23 Oktoba

Mabomu yamesikika upande wa kusini alfajiri. Rénovat amechelewa, amefika na viatu vimefungwa mifuko ya plastiki, akaifungua mlangoni akaikunja vizuri akaweka mfukoni. Nikamuuliza kwao kuna nini. “Kama kawaida,” akasema, akawasha mashine.

Nimemwambia, kama nilivyomwambia wiki iliyopita, aje kulala kwetu. Kaka yangu Ilias ana chumba, nusu ya kitanda iko tupu. Akasema na mama yake atamwacha na nani. Nikasema alete na mama yake. Akacheka. Mama Mathilde hawezi kuacha shamba lake la mihogo na mboga za lenga-lenga, hata malaika aje kumwita na tarumbeta.

Jumatatu, 28 Oktoba

Leo tumeona kosa, na lilikuwa jinga. Bomba letu linapanda huku linazunguka, lakini kila duara sisi tulilisimamisha wima kama ukuta, hatukuligeuza lifuate njia ya bomba. Kwa hiyo vyumba vyote vimelala upande. Rénovat alizungusha kipande cha mpira kwenye chupa ya bia ili aone. Nikamwambia angalau chupa iwe tupu, mi ni mutoto wa Kiislamu. Akasema ilikuwa tupu alipoikuta. Siamini.

Amekaa siku nzima anageuza duara moja baada ya jingine kwenye karatasi. Anapofanya kazi hivi anauma ulimi. Naandika kwa sababu nimeona kwamba namtazama kuliko ninavyotazama kazi.

Jumatano, 6 Novemba

Ramadhani imeanza leo, na leo wavu wa kwanza umepita. Vyumba elfu thelathini, hakuna hata kimoja kilichojipindua. Tumepiga hesabu, ikamaliza kwa mchana mmoja. Tunatafuta maji yanapoteza mgandamizo kiasi gani toka mdomo wa bomba mpaka mwisho. Jibu: paskali mia nne kumi na mbili.

Picha ya mizunguko miwili imetoka. Ni mizuri jamani, inatazamana. Profesa amesimama nyuma yetu, mkono begani kwa Rénovat. Nampenda mzee huyu. Wenzake wamekimbia na vyeo vyao, yeye amebaki na kompyuta tatu na chaki.

Jumatatu, 11 Novemba

Profesa alimwandikia Mubelgiji kwamba kazi inakwenda. Leo jibu limefika, amelichapa, ametusomea. Ni mistari mitatu tu, hata habari za nyumbani hakuuliza. Nafasi iko wazi kuanzia mwanzo wa Desemba. Viza inachukua wiki mbili hivi. “Nipelekeeni chochote mlicho nacho, hata kama hakijakamilika, nitie saini.”

Nikasimama. “Basi tupeleke leo. Cyber ya mjini inafungwa saa kumi na moja.”

Profesa akatabasamu. “Mademoiselle Sijaona, kaa chini. Huyu anatupima.”

Ndiyo hapo nilipoanza kuwashwa na hasira. Maana kwetu, kweli, mutu akikwambia lete chochote, huleti chochote. Ukialikwa harusi ukaambiwa njoo mikono mitupu, ukaenda mikono mitupu, utasemwa mpaka na wajukuu. Mgeni akisema nimeshiba, unampakulia tena. Haya tunayajua sote tangu tumboni. Lakini yule ni Mubelgiji.

“Profesa,” nikasema, “kama ameandika chochote, si ndiyo chochote?”

“Mi nilikaa nao miaka sita, mwanangu.”

“Na wakati ule walikuwa wanasema apana wakimaanisha ndiyo?”

Rénovat akasema polepole, bila kuniangalia, “Wavu wa kwanza ni brouillon, Sijaona. Ukimpelekea mutu brouillon umemuonyesha unamuona nani. Tufanye wa pili.”

Jumamosi, 16 Novemba

Wavu wa pili. Vyumba laki moja na zaidi, vidogo sana karibu na ukuta. Hesabu ilikatika kwa umeme mara sijui ngapi, lakini tunahifadhi njiani, tunaendelea ilipoishia. Jibu limetoka jioni ya leo: mia nne thelathini na saba.

Nilifurahi mpaka nilipoona uso wa Rénovat. “Ya kwanza ilisema mia nne kumi na mbili,” akasema. “Hii inasema mia nne thelathini na saba. Mutu hawezi kuwa na majibu mawili. Ya kweli iko ipi?”

“Hii.”

“Unajua aje? Labda wavu wa tatu utasema mia tano.”

Hapo, kwa kazi, yuko sawa. Ndivyo inavyofanywa: unakata vyumba vidogo zaidi na zaidi mpaka jibu liache kubadilika, ndipo unajua halikutoka kwenye wavu, limetoka kwenye maji. Najua. Lakini vilima vya Kanyosha havijui.

Jumapili, 17 Novemba

Sijalala vizuri. Nimefikiri hivi: tupeleke wa pili sasa, atie saini, halafu wavu wa tatu tutaufanya Rénovat akiwa ameshapanda ndege. Hakuna hasara. Kesho nitasema.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimesema. Profesa amesema wavu wa tatu kwanza. Rénovat amesema haraka haraka haina baraka. Nikamjibu ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lenyewe ni la mama yako. Akakasirika. Sijawahi kumuona amekasirika. Alisema yeye anakwenda kule mutu mweusi peke yake katika maabara, toka nchi ambayo wakiisikia redioni wanasikia mapanga tu, na kitu cha kwanza watakachoona mkononi mwake kitakuwa kazi isiyokwisha. “Watasema, ah, ni wa kule. Mwaka mzima nitakuwa yule aliyeleta brouillon.”

Nikamwambia nina wavu wa pili kwenye disketi, nitapeleka mwenyewe.

“Apa kwamba hutapeleka.”

“Siapi kwa upuuzi.”

“Apa, Sijaona. Nakijua kichwa chako.”

Nimefunga, ni Ramadhani, na alikuwa ananiangalia kama mutu anayekaribia kulia. Nikasema wallahi sitapeleka mpaka yeye mwenyewe aseme. Nimerudi nyumbani kwa mguu kwenye mvua, nimefuturu bila kusikia ladha ya uji.

Alhamisi, 21 Novemba

Wavu wa tatu haukai kwenye mashine. Vyumba laki tano. Kumbukumbu ya kompyuta inajaa, inazima.

Jumatatu, 25 Novemba

Mubelgiji ameandika tena. “Bado nangoja. Chochote.” Profesa amemjibu kwa adabu ndefu kwamba kazi inayomstahili iko njiani. Nimetoka nje nikasimama chini ya mabati mpaka moyo utulie.

Mi nilikuwa namuona Mubelgiji mukavu, mutu wa mistari mitatu asiyejua kusalimia. Leo nimeanza kumuona kama mutu aliyesimama mlangoni ameushika mlango wazi, na sisi ndani tunapiga pasi.

Ijumaa, 29 Novemba

Profesa amechukua kumbukumbu ya mashine mbili akaiweka yote kwenye moja. Mashine mbili zimekufa ili moja iwe na nguvu. Tutaihamishia nyumbani kwake Kinindo, kwa sababu jirani yake ni shirika la wazungu lenye jenereta, na wamekubali kutupitishia waya juu ya ukuta.

Jumanne, 3 Desemba

Redio imesema kundi moja limetia saini kusimamisha vita. Watu wa Buyenzi wamepiga makofi mitaani. Kundi la vilima vya Kanyosha si hilo.

Tarehe ya Mubelgiji imefika. Hakuna aliyeitaja leo.

Ijumaa, 6 Desemba

Idd. Rénovat amekuja Buyenzi na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Mama alimpakulia pilau, akasema asante nimeshiba, mama akampakulia tena, akala. Alisema asante tena, mama akampakulia. Mi nikamwambia, “Unaona? Mama hakuamini. Mubelgiji angekuamini, ungekufa njaa.” Wote wakacheka, na yeye.

Baadaye tulikaa barazani, baba akiwa ndani na wageni. Nikamuuliza akifika kule ataandika. Akasema ataandika kila wiki, kwa kalamu, si kwa penseli. Nikajifanya nimecheka. Nampenda. Basi, nimeliandika. Yeye ni Mukristo wa seminari na baba, Idi kwa jina, ni mutu wa Buyenzi anayeadhini msikitini mwadhini akiugua. Haliendi popote hili neno. Lakini nataka awe hai mahali fulani, hata kama ni mahali penye theluji na wasichana wasiofunga vichwa. Hilo tu naomba, na nimeomba leo kwenye sala.

Jumatatu, 9 Desemba

Kinindo. Wavu wa tatu umesimama. Rénovat alikagua vyumba vilivyojipindua: sifuri. Amekata kucha kabla ya kuanzisha hesabu, kama padri anayejiandaa kwa misa. Mashine inasema itachukua siku kadhaa, jenereta ikiwa na afya. Profesa amempa kitanda sebuleni aitazame.

Nimerudi na moyo mwepesi. Kinindo kumetulia, mna maua kwenye kuta. Analala huko.

Jumatano, 11 Desemba

Inakwenda. Namba zinashuka kama zinavyotakiwa kushuka.

Alhamisi, 12 Desemba

Mchana nilipitia Kinindo. Rénovat alikuwa anafunga viatu kwenye mifuko yake ya plastiki. Nikamuuliza anakwenda wapi.

“Kwetu. Mashine ikishaanza haina haja na mutu. Mama ako peke yake toka Jumatatu, hana hata chumvi.”

“Rudi kesho.”

“Narudi Jumamosi. Ikiisha kabla, usiangalie jibu. Tuangalie pamoja.”

Nikasema sawa. Kisha akasimama, akasema kile nilichokuwa nataka kusikia mwezi mzima: “Na Jumamosi ile ile, hata jibu likuje namna gani, mia tano, elfu moja, tunapeleka. We ndo utabonyeza.” Nikamwambia kumbe una akili. Akapanda teksi ya watu wengi kwenda Kanyosha, akapunga mkono dirishani na kifurushi cha chumvi.

Jumamosi, 14 Desemba

Tangu jana jioni ni bunduki upande wa kusini. Barabara imefungwa, hakuna gari linalovuka. Nilikaa Kinindo kwa Profesa mpaka saa za kafyu, mbele ya mashine, sikuiona hata mara moja. Profesa alikuwa anatembea kutoka dirishani mpaka mlangoni.

Jumapili, 15 Desemba

Wamefungua barabara baada ya misa ya kwanza. Profesa aliendesha. Njiani watu walikuwa wanapanda kuelekea mjini na magodoro kichwani, na mvua inanyesha, na hakuna aliyekuwa anakimbia.

Nilimuona Mama Mathilde kabla ya gari kusimama. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya mlango, mvua inampiga magotini, na wanawake wawili wanajaribu kumwingiza ndani. Nilijua. Profesa pia alijua, kwa sababu alizima gari akabaki ameshika usukani.

Rénovat amelala kwenye chumba cha mbele, juu ya mkeka, amefunikwa shuka lenye maua. Jirani mmoja, mzee anayefuga mbuzi, ndiye aliyetueleza. Usiku wa Ijumaa walipigana kuanzia mtoni mpaka huku juu. Rénovat alivuta godoro la mama yake toka kitandani aliweke chini, walale sakafuni, chini ya dirisha. Mama alikuwa ameshalala chini. Yeye alikuwa bado ameinama, ananyoosha shuka. Risasi ilipita ubao wa dirisha. Ya nani, mzee alisema, risasi haina kitambulisho.

Ananyoosha shuka. Watu wote wako chini wameziba masikio, na yeye ananyoosha shuka ili godoro likae vizuri. Niliposikia hivyo nilitaka kumpiga. Naandika ukweli, nilisimama juu ya maiti yake na nilitaka kumshika mabega nimtikise, nimwambie mjinga wee, mjinga, nani alikuwa anaangalia shuka lako. Kisha wanawake wakanikalisha.

Nilifunua uso. Uso hauna jeraha. Sikumbusu, sikumgusa, nilimsomea Fatiha kimya kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo, na kama si halali Mungu atanisamehe. Mama Mathilde aliingia akakaa kando yangu, akanishika mkono. Hatukujuana sana kabla ya leo. Aliniambia kwa Kirundi, “Wewe ndiye Sijaona. Alikuwa anasema una kichwa kigumu.”

Tumerudi kabla ya giza. Profesa alilia njia yote akiendesha, kwa sauti, kama mutoto, na mi sikuweza kumfariji kwa sababu nilikuwa namchukia.

Jumanne, 17 Desemba

Tumemzika. Mvua ilisimama kwa muda wa kuzika tu. Mutu mmoja nyuma yangu akasema maji yakimwagika hayazoleki, na wenzake wakaitikia. Nikasogea mbele nisimsikie.

Jumatano, 18 Desemba

Hakuna.

Alhamisi, 19 Desemba

Nilikwenda Kinindo kuzima mashine. Nilikuwa nimeamua. Niliifikiria imekaa pale siku zote hizi inahesabu maji yasiyokuwepo, jenereta ya wazungu inanguruma, na nikaona ni matusi.

Profesa alinifungulia mwenyewe. Hajanyoa, amevaa kanda mbili, amekuwa mzee wa kukaa uani. Alisema, “Imekwisha asubuhi. Sikuangalia. Alisema muangalie pamoja.” Kumbe na yeye alimsikia.

Tulikaa viti viwili. Nikabonyeza. Mia nne thelathini na nane.

Wavu wa pili ulisema mia nne thelathini na saba. Wavu wa tatu, vyumba laki tano, mwezi mzima, mashine mbili zilizouawa, mia nne thelathini na nane. Jibu halikubadilika. Lilikuwa la kweli tangu tarehe kumi na sita Novemba, lilikuwa kwenye disketi, na disketi ilikuwa kwenye mkoba wangu.

Profesa aliisoma ile namba kwa sauti, mara ya pili kwa sauti ndogo. Akavua miwani. “Mademoiselle,” akasema, “mi ndo nilimwambia angoje.” Nilikuwa na maneno ya kumwambia, niliyapanga toka Jumapili, makali, mengine ya Kifaransa. Nikaitazama mikono yake. Yeye hana mtoto, hana mke tena, alikuwa na wanafunzi wawili. Nikaenda jikoni kwake nikachemsha chai, nikaweka sukari nyingi, nikamletea. Chuki sijui ilikwenda wapi. Ningependa ibaki, ilikuwa inanishikilia.

Ijumaa, 20 Desemba

Profesa ameniomba nimwandikie Mubelgiji, yeye hawezi. Nilikwenda cyber. Sikutaka adabu. Niliandika Rénovat amekufa, ameuawa kwao usiku wa Ijumaa iliyopita, hizi hapa kazi zake, wavu wa kwanza, wa pili na wa tatu, na majibu. Nikapeleka vyote. Nilipobonyeza nilikumbuka kwamba aliniruhusu, kwa hiyo kiapo changu kiko salama. Kinanisaidia nini.

Jumamosi, 21 Desemba

Mubelgiji amejibu, na safari hii ameandika ukurasa mzima. Anasema kazi ni nzuri sana, maduara yamegeuzwa vizuri kuliko ya wanafunzi wake mwenyewe. Anasema haelewi. Alikuwa ameshatia saini tangu mwezi wa kumi na moja, karatasi ilikuwa mezani kwake, alihitaji faili lolote la kuambatanisha, hata picha moja, hata yenye makosa, ndiyo sheria ya ofisi yao. Anauliza kwa nini hatukumpelekea, na kama kuna kitu aliandika vibaya kikatuudhi.

Nimekaa mbele ya kioo cha kompyuta nikitafuta namna ya kumweleza. Nimeandika: Hapana, bwana, uliandika vizuri. Nimechapa barua yake, nimelipa muda wangu nikatoka.

Jumatatu, 23 Desemba

Leo wamekata kilio cha kwanza, yaani matanga ya kwanza yamekwisha, wenyewe wanaita levée. Nimekwenda Kanyosha na kilo mbili za sukari na mchele toka kwa mama. Watu walishaanza kuondoka. Mama Mathilde alinikalisha ndani, kwenye chumba cha mbele, akafunga mlango nusu. Dirisha wameliziba kwa bati.

Hakulia. Alikaa muda mrefu anapangusa meza isiyo na kitu, kisha akauliza. Aliuliza polepole, kwa Kirundi chepesi, apate kuwa na hakika nimeelewa.

“Mwana wanje, mwanangu, nilimwambia aende tangu mwezi uliopita. Nilimwambia mi nitabaki na mihogo yangu, we nenda. Akasema bado, kuna wavu wa tatu. Akasema bila huo wa tatu hawatampokea. Mi sikusoma. Nakuuliza wewe mliyefanya naye. Ilikuwa hivyo kweli? Ilikuwa lazima?”

Nilikuwa na namba zote mbili kichwani, na barua ya Mubelgiji kwenye mkoba miguuni pangu. Aliniangalia machoni moja kwa moja, na macho yale ni ya Rénovat, sikuwahi kuona kabla ya leo.

“Ndiyo, mama,” nikasema. “Ilikuwa lazima. Bila ule wa tatu wasingempokea.”

Akaitikia kwa kichwa taratibu. “Basi,” akasema. “Basi hakukaa bure.” Akainuka, akaenda nyuma, akarudi na sahani ya maharage na mihogo. Nikasema asante mama, nimeshiba. Akanipakulia, nikala yote.